Wakala katupiga: mama katoka Tanga mpaka Arizona, daraja la kioo kaliona kwenye kipeperushi tu

Wakuu, salaam. Uzi mrefu, mwenye haraka apite. Nimejizuia wiki mbili nisiandike na hasira, ila naona hasira yenyewe haina mpango wa kuisha.

Naishi Dallas na mke na watoto wawili. Kiangazi hiki mama yangu mzazi alikuja kututembelea kutoka Tanga, mara yake ya kwanza kupanda ndege, akaja na mdogo wangu. Nikasema hapana, bibi hatoki Tanga kuja kukaa sebuleni anaangalia runinga. Tuzunguke: Los Angeles, Las Vegas, hifadhi ya Zion, mji wa Page, korongo la Grand Canyon, turudi. Watu sita, siku nane, gari la kukodi.

Kosa langu ni moja. Badala ya kukaa chini nipange mwenyewe, nikampa kazi wakala, Mswahili mwenzetu yuko huku huku Marekani. Jina simtaji, msinifuate PM, suala liko benki. Jamaa ana maneno matamu, na kipeperushi chake kimepigwa rangi vizuri: mbele kuna lile daraja la kioo limening'inia juu ya korongo, chini yake "Grand Canyon na familia". Mama alikipenda, akakituma kwenye kikundi cha kina mama wenzake wa kikoba. "Mwanangu ananipeleka hapa." Likumbukeni hilo daraja, tutalirudia.

Nililipa dola 5,200. Nusu kwa kadi, nusu nikamtumia akaunti kwa akaunti kwa sababu "kadi inakatwa makato, kaka".

Los Angeles sina neno. Watoto waliingia baharini Santa Monica, mama akachovya vidole akasema maji haya ni ya barafu, Raskazone hakuna upuuzi huu. Kwenye gari ndipo nilipoanza kunusa. Ankara ya jamaa inasema viti saba, kaunta wakasema kilichobukiwa ni viti vitano. Nikaongeza dola 480 kutoka mfukoni. Nikampigia, akasema "nitakurudishia, usiharibu mood". Basi, nikasonga.

Njia ya kwenda Vegas ni jangwa tupu. Pale Baker kuna kipimajoto kirefu kama mnara, mita 41, watoto wakapiga picha kinasoma 113 za Fahrenheit, kama 45 zetu. Hotelini Vegas wakadai tena ada ya kila usiku, ambayo kwenye ankara ya jamaa haipo. Tangu Mei 2025 sheria ya huku inataka bei ya hoteli itangazwe na ada zote ndani yake, kwa hiyo yeye aliiona wakati anabuku. Aliamua tu nikutane nayo mwenyewe.

Sasa Zion. Kwenye ankara kuna mstari: "usafiri wa ndani ya hifadhi, dola 25 x watu 6 = 150". Tumefika, tunapanga foleni ya basi, namtafuta wa kumwonyesha vocha. Dereva akaitazama, akaigeuza nyuma, akanirudishia. Basi ni bure! Kila mtu anapanda bure, limeanza tangu mwaka 2000 kupunguza msongamano wa magari mle korongoni. Jamaa kaniuzia kitu cha bure kwa dola 150. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

(Zion penyewe pazuri, nisiwe mchoyo. Kuna handaki la mwaka 1930 limetobolewa ndani ya mwamba, zaidi ya kilomita moja na nusu, lina madirisha ya mawe unaona korongo kwa sekunde moja moja. Mama alikuwa anasoma dua mle ndani.)

Page ndipo aliponimaliza. Pale kuna Antelope Canyon, lile korongo jembamba la mawe mekundu yenye mawimbi, mwanga wa jua unashuka kama nguzo. Liko kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku, na huingii bila kiongozi wao. Agosti 1997 mvua ilinyesha mbali, maji yakaja ghafla, watalii 11 wakafa mle ndani. Tena tiketi ina saa yake, ukichelewa umechelewa.

Ratiba ya jamaa: saa tano kamili asubuhi. Tumelala Page hapo hapo, tumekunywa chai bila presha, saa nne na dakika 40 tuko mapokezi. Dada wa Kinavajo akaangalia kompyuta yake, akaniangalia. Kundi lenu limeondoka saa nne. Nikamwonyesha ratiba. Akanionyesha ukutani: kuna saa za mshale mbili, moja imeandikwa Page, nyingine Navajo, zimepishana saa nzima. Arizona hawasogezi saa kiangazi, Wanavajo wanasogeza. Ila ziara za pale zinafuata saa ya Page.

Nikampigia jamaa. Jibu lake nalinakili kama lilivyo: "Kaka mimi niliongeza saa moja kwa sababu kule ni kwa Wanavajo." Ukaongeza! Tiketi halisi iliyoandikwa saa nne unayo kwenye barua pepe yako, hukunitumia, ukanitumia ratiba yako yenye nembo ya twiga, umeongeza saa kichwani mwako na hukuandika ni saa za wapi. Tiketi sita, dola 660. Siku ile zilikuwa zimejaa, kesho yake zimejaa. Dada wa watu alisikitika kweli, akampa mama kiti na maji. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa ameshavaa kofia.

Tukaenda Grand Canyon vichwa chini. Ratiba: "Siku ya 6, South Rim (ukingo wa kusini wa korongo), kutembea kwenye daraja la kioo". Nikamuuliza askari wa hifadhi daraja liko upande gani. Akatabasamu, nadhani si mara ya kwanza kuulizwa. Daraja halimo hifadhini kabisa. Liko Grand Canyon West, ardhi ya Wahualapai, wenyeji wengine wa asili, saa kama nne za kuendesha kutoka pale, na kiingilio chake ni kingine.

Na baridi je? Jamaa alisema "ni jangwani, leteni nguo nyepesi". South Rim iko zaidi ya mita 2,000 juu. Jua limezama, mama yuko ukingoni na khanga mbili, anatetemeka, anasema afadhali Lushoto. Tukanunua sweta dukani dola 58 moja. Sikununua moja.

Tangu turudi: siku ya kwanza alisema anafuatilia. Ya tatu akasema mimi ndiye sikusoma ratiba. Wiki iliyopita kanipa "ofa": punguzo la asilimia 10 safari ijayo. Safari ijayo na nani? Sasa ujumbe anasoma, hajibu.

Ile nusu ya kadi nimeshafungua pingamizi benki. Wanataka ushahidi, nina ankara, ratiba ya twiga, na sauti yake akikiri aliongeza saa. Aliyewahi kushinda pingamizi la namna hii anisaidie, hiyo 150 ya basi niiwasilishe peke yake au niiweke pamoja na Antelope? Na ile nusu ya akaunti kwa akaunti, kuna njia yoyote au nihesabu imekwenda? Kama nawe ulipewa ratiba yenye twiga, sema hapa.

Update: kapiga sasa hivi, kasoma uzi. Hakumpigia mtu mwingine, kampigia mama yangu Tanga, anamwomba aniambie nifute. Mama kamuuliza kwanza daraja liko wapi.