Mjadala: Je, mwandishi aliye uhamishoni ana haki ya kuinyamazia siasa katika tawasifu yake?

Kila inapozungumziwa tawasifu ya Stefan Zweig, mwandishi Myahudi wa Austria aliyekimbilia uhamishoni enzi za Wanazi, yaani Die Welt von Gestern (Dunia ya Jana), iliyochapishwa Stockholm mwaka 1942, wasomaji hugawanyika. Wapo wanaosema kwamba msanii hadaiwi siasa, na kwamba mtu aliyenyang'anywa nyumba, nchi na wasomaji wake anaweza kukumbuka apendavyo. Wengine humlaumu kwa kuipamba Vienna ya ujana wake na kuipita kimya dhiki ya wasio na kazi. Mwanafalsafa Hannah Arendt, aliyekuwa mkimbizi kama yeye, alitoa lawama hiyo mwaka 1943. Nami naona lawama hiyo ina msingi.

Katika dibaji Zweig anajitambulisha kuwa shahidi wa kizazi chake, na shahidi huulizwa pia juu ya yale aliyoyaacha. Anaeleza vizuri sana jinsi polisi walivyoipekua nyumba yake ya Salzburg mwaka 1934 wakidai kutafuta silaha, na jinsi alivyoamua kuondoka. Anaeleza kwa kirefu opera aliyoiandika pamoja na mtunzi wa muziki Richard Strauss, na jinsi jina la mwandishi Myahudi lilivyowatatiza watawala wa Kinazi mpaka ilipoonyeshwa Dresden mwaka 1935. Hata hivyo haelezi kwamba mwaka 1933, mwandishi Mjerumani Klaus Mann alipoanzisha jarida la Die Sammlung mjini Amsterdam ili kuwakusanya waandishi waliofukuzwa na Wanazi, Zweig alijitenga nalo, kama walivyojitenga waandishi wenzake Thomas Mann, baba yake Klaus, na Alfred Döblin, wakati ambapo wachapishaji wao walikuwa bado wanauza vitabu vyao Ujerumani. Simhukumu kwa kujitenga, kwa maana mwandishi aliyetaka kuendelea kusomwa na watu wake alikuwa katika njia panda ngumu mno. Ninachokilalamikia ni kwamba uamuzi huo, ambamo sanaa na siasa zilikabana waziwazi, ulistahili sura nzima katika kitabu cha shahidi.

Mtazameni Ernst Toller, mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani aliyekuwa pia uhamishoni. Tawasifu yake, Eine Jugend in Deutschland (Ujana Ujerumani), ilitolewa mwaka huohuo wa 1933 na Querido, wachapishaji walewale wa Die Sammlung, na dibaji yake ameiwekea tarehe ya siku vitabu vyake vilipochomwa moto Ujerumani. Toller alikuwa miongoni mwa viongozi wa Jamhuri ya Mabaraza ya Bavaria, serikali ya kimapinduzi iliyodumu kwa muda mfupi mwaka 1919, akafungwa miaka mitano. Angeweza kuandika hotuba ya chama, lakini hakufanya hivyo. Anasimulia jinsi alivyokuwa akichimba katika handaki la vita, sururu yake ikanasa matumbo ya maiti iliyozikwa humo, naye akatambua kwamba huyo ni mtu aliyekufa, kabla ya kuwa Mfaransa au Mjerumani. Ukurasa huo ni siasa tupu na ni sanaa kamili, tena haumtaji waziri wala chama. Baadaye anajiuliza kama mtu anayetenda lazima daima aingie hatiani, na hajipi jibu la kujitakasa. Kwa hiyo wanaodai kwamba siasa huiharibu tawasifu wanapaswa kueleza ni wapi imekiharibu kitabu hiki.

Naomba pia tusiitumie hoja moja ambayo huniumiza kila ninapoikuta, yaani kwamba Zweig alijiua Brazil mwaka 1942 kwa kukosa msimamo wa kumshikilia. Toller, mwenye msimamo, alijiua New York mwaka 1939. Klaus Mann, aliyepigana na Wanazi kwa kalamu na hatimaye akiwa na sare ya jeshi la Marekani, alijiua Cannes mwaka 1949. Uhamisho uliwamaliza wote watatu, na vifo vyao haviwezi kuamua ni nani aliyeandika vyema.

Nawasubiri hasa wanaomtetea Zweig. Iwapo tawasifu yake inatosha kuwa ushahidi, ni kwa kigezo gani mlango wa nyumba yake ulipogongwa na polisi unastahili kurasa, na barua aliyoiandika kulikana jarida la wenzake haistahili hata sentensi moja?