Ugumu wa mazungumzo kwa mtu mzima mwenye usonji hupimwaje?

Dada wa Mikindani: Habari za jioni ndugu zangu. Mdogo wangu ana usonji, anapima korosho kwenye ghala. Kilo hakosei. Ila mkulima akianza "za nyumbani, za shamba, mvua huko vipi?", anajibu moja na kunyamaza. Wanasema ana kiburi, na inaniuma sana. Kuna kipimo?

Mkazi wa Lindi: Lipo dodoso la AQ la kupima dalili za usonji kwa watu wazima, maswali 50, la Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2001. Mtu hujijazia mwenyewe. Linagusa mawasiliano, lakini peke yake halithibitishi usonji, wala halikutungiwa salamu zetu.

Mwalimu, Nachingwea: Dada, usimpime yeye tu. Mtafiti Damian Milton aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili. Mwaka 2020 mtafiti Catherine Crompton na wenzake walifanya jaribio la kupitisha hadithi mtu kwa mtu: wenye usonji wakiwa wenyewe waliifikisha vizuri kama wasio na usonji wakiwa wenyewe, ila makundi ya mchanganyiko yalipoteza mengi zaidi. Muulize kinachomchosha: kelele za ghalani, au maswali kufuatana?

Dada wa Mikindani: Asante Mwalimu. Kupigiwa simu hapendi, lakini ukimwandikia meseji anakujibu kwa kirefu, mpaka bei ya mnada. Nitamwuliza kwa meseji.