Naomba fanfiki mpya za riwaya za mapenzi za zamani, ila Darcy asianze kulainika chapta ya kwanza

MsomajiUsiku:
Wakuu habari zenu. Nimerudia Pride and Prejudice nikaunganisha na Persuasion, zote za Jane Austen, sasa nimebaki na kiu, nataka fanfiki mpya mpya (zile stori mashabiki wanaandika kwa wahusika wa kitabu), sio zile ambazo kila mtu humu ameshazisoma. Shida yangu ni kwamba nyingi ninazofungua Darcy, yule tajiri mwenye kiburi wa Pride and Prejudice, ni mtu mwema tangu mwanzo, yaani anamwomba Elizabeth Bennet anayempenda msamaha hata kabla hajamkosea, sasa hapo mahaba yanatoka wapi jamani?? Utamu wote uko pale Hunsford, mtu kaja kuposa huku anamsimanga binti wa watu kuhusu familia yake, anapigwa kibuti cha mwaka, kesho yake anakuja na barua. Ukitoa hiyo hamna stori. Na zisizoisha sitaki kabisa, nimeshaumizwa vya kutosha. Hata za Jane Eyre leteni tu.

kalamu_tupu:
Hahaha pole mkuu. Kama unasomea AO3 (ile tovuti ya fanfiki, Archive of Our Own) usipange kwa kudos, yaani likes za wasomaji, utaletewa zilezile za miaka yote, panga kwa tarehe ya karibuni, halafu chuja zilizokamilika tu na weka idadi ya maneno kuanzia kama 40,000 hivi maana Darcy wa kulainika polepole haenei kwenye maneno 3,000. Mimi huwa natafuta zile za "ingekuwaje kama", mfano barua isimfikie Elizabeth, au mdogo wake Lydia asitoroke na yule laghai Wickham, hapo ndo unajua mwandishi anawaelewa hawa watu au amewaazima majina tu.

Halafu ukiipenda pakua EPUB (faili la kitabu la kusomea kwenye simu) siku hiyohiyo!! Austen alifariki 1817, hakimiliki ilishaisha zamani, kwa hiyo waandishi wengi wa fanfiki zake wakiona stori imependwa wanaishusha wanaenda kuiuza kama kitabu, ni halali yao kabisa, ila wewe unarudi kuendelea na chapta ya 20 unakuta ukurasa haupo.

Bi_Kurasa:
Mwanangu mimi sina mpya sana ila usipite bila Longbourn ya Jo Baker, ya 2013. Ni nyumba ileile ya kina Bennet lakini unaiona kutoka jikoni, kwa macho ya mtumishi anaitwa Sarah. Unakumbuka Elizabeth alivyotembea kwenye matope hadi Netherfield kumwona dada yake, sote tukampenda kwa kutojali? Sasa huku unakutana na Sarah anayesugua hayo matope kwenye gauni la ndani, mikono imepasuka kwa baridi, anawaza kwamba huyu binti angekuwa anafua nguo zake mwenyewe angeangalia anapokanyaga. Tangu siku hiyo siwezi kusoma ile safari kwa raha.

Kwa Jane Eyre ni Wide Sargasso Sea ya Jean Rhys, 1966, maisha ya yule mke aliyefungiwa darini, kabla hajafikishwa Uingereza. Ukimaliza, Rochester mumewe utamwangalia kwa jicho lingine. Watu hawaziiti fanfiki kwa vile zinakaa kwenye rafu za maktaba, lakini ni nini basi kama si hiyo?

nahodha_mstaafu:
Bi mkubwa shikamoo, ila mwenzio kaomba mahaba wewe unamletea ndoo ya kufulia 😂

MsomajiUsiku soma Ayesha at Last ya Uzma Jalaluddin, ilitoka 2018, Waislamu wa Toronto. Darcy humo ni Khalid, mshika dini haswa, anamwona Ayesha akighani shairi ukumbini anamhukumu palepale. Na halainiki kirahisi, ndo ugonjwa wako huo.

Upande wa Persuasion tafuta zinazosimuliwa na Wentworth mwenyewe, yule nahodha aliyekataliwa na Anne. Kitabu chote tuko na Anne, yule bwana miaka minane yuko baharini hatujui analala vipi, anarudi anasema Anne kabadilika hata asingemtambua, na maneno yanamfikia mwenyewe! Waandishi wazuri wanaishi kwenye hiyo sentensi, alimaanisha au alikuwa anajikaza? Wakinipa Wentworth anayelia lia kuanzia ukurasa wa pili nafunga.

Bi_Kurasa:
Marahaba. Ndoo nayo ina mahaba yake, kuna James humo ndani, kasome kwanza ndo uje ucheke.

MsomajiUsiku:
Asanteni sana. Nimeanza na Ayesha, Khalid ananiudhi vizuri mno. Bi_Kurasa na yako inafuata, huyo James umenitega. kalamu_tupu, huko AO3 kwenye simu naondoaje tagi (yale maneno ya kuainisha stori) nisizozitaka? Naona orodha ndefu tu.

kalamu_tupu:
Ingia kwanza kwenye tagi ya kitabu chenyewe, bonyeza Filters pale juu, shuka mpaka Exclude, chini yake kuna sehemu ya kuandika tagi. Anza kuondoa zile za watoto wa Darcy na Elizabeth huko Pemberley nyumbani kwa Darcy, zenyewe tu ni nusu ya kelele.