Mchezaji wa ridhaa Uingereza, 1919–1939: uungwana au ubaguzi wa tabaka?

Mzee wa Zamu: Wakuu, kati ya vita vikuu viwili Mwingereza wa lakrosi, mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye wavu, alicheza kwa pesa yake: nauli yake, fimbo yake. Amsterdam 1928, lakrosi ikiwa ya maonyesho tu kwenye Olimpiki, Uingereza, Kanada na Marekani kila mmoja akashinda mechi moja, akafungwa moja. Huo ulikuwa uungwana, au njia ya kumzuia asiye nacho?

Kipepe: Ubaguzi mtupu. Chama cha makasia kiliwakataa watu wa kazi za mikono mpaka 1937. Kelly, mpiga makasia wa Marekani, fundi mwashi, akakataliwa kwenye mashindano ya makasia ya Henley 1920, mwaka huohuo akabeba dhahabu ya Olimpiki Antwerp. Ila lakrosi inaingiaje hapa? Si mchezo wa wasichana wa bweni ule?

MamaSalha: Rudia hapo kwa wasichana.

Kipepe: Dada, nimesema tu.

MamaSalha: "Tu" ya nini? Shule ya St Leonards kule Uskoti wasichana wanacheza tangu 1890, na chama cha wanawake Uingereza ni cha 1912. Wewe babu yako 1912 alikuwa na chama gani?

Fundi Nyavu: 😂😂 Kipepe, asili yake ni Wamohawk, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, na ndugu zao. 1876 walipelekwa Windsor wakacheza mbele ya Malkia Victoria. Fimbo ni mti wa hikori uliopindwa kwa mvuke, wavu wa ngozi. Ikutue kwenye kiwiko ndiyo utajua kama ni ya wasichana.

MamaSalha: Na wewe umerudi kulekule! Kwani wasichana hawana viwiko?

Kaka wa Kaskazini: Mnaongelea Henley kana kwamba ndiyo Uingereza yote. Ngome ya lakrosi ni Manchester na Stockport, miji ya pamba. Klabu ya Stockport ipo tangu 1876. Kiwanda kikifunga Jumamosi mchana, watu uwanjani. Na Kelly usimpambe, klabu yake ya Vesper ilishapigwa marufuku Henley kabla yake.

Kipepe: Waliocheza ni wafuma nguo au makarani na walimu? Jibu hilo. Halafu Stockport ndiko alikozaliwa Fred Perry, mtoto wa mfanyakazi wa pamba. Kachukua Wimbledon mara tatu mfululizo, 1934 mpaka 1936, akaingia tenisi ya kulipwa, klabu ya Wimbledon ikamvua uanachama. Uungwana huo?

Kaka wa Kaskazini: Perry ni tenisi!

Kipepe: Na pamba ni lakrosi?

Mzee wa Zamu: Jamani, swali langu…

MamaSalha: Mzee subiri. Kipepe hajaomba radhi. Lakrosi inarudi Los Angeles 2028, wanaume na wanawake, sita kila upande. Nikukatie tiketi ukawaambie uso kwa uso?

Kipepe: Ukilipa wewe, naenda. Mimi ni wa ridhaa.