Huyu "mwakilishi wa Bitcoin" wa Mtwara mjini anatuibia na grupu zima linampigia makofi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kuna jamaa hapa Mtwara mjini anajiita mwakilishi wa Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, Kanda ya Kusini. Wiki iliyopita katupia ujumbe WhatsApp: "Makao makuu yamebadilisha kanuni, sarafu za zamani zinakufa Ijumaa, nitumieni niwabadilishie." Shemeji yangu wa Tandahimba katuma zote. Pesa ya korosho ya msimu mzima ile! Ijumaa imepita, simu hapokei, na mimi niliyehoji nimetolewa kwenye grupu.

Makao makuu gani? Yako wapi, Shangani?

Bitcoin haina ofisi ya kutoa waraka. Kanuni zimo kwenye programu ambayo kila mwenye nodi (kompyuta inayokagua miamala ya mtandao) anaiendesha mwenyewe. Nodi ikiletewa bloku (fungu la miamala) iliyovunja kanuni inaitupa, hata mchimbaji aliyeitengeneza kwa kompyuta zake awe tajiri namna gani. Mwaka 2017 kampuni kubwa na wachimbaji wenye zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ya uchimbaji walikubaliana bloku ziongezwe ukubwa. Watumiaji wengi wakagoma kuweka programu hiyo, na Novemba mpango ukafutwa. Mtu wa huku haelezwi sana hapo: Oktoba 2018 wanunuzi walikuja mnadani na bei zao, wakulima wakasema hatuuzi, korosho zikabaki ghalani. (Sisi serikali iliingilia kati na 3,300 kwa kilo. Kule hakuna wa kuingilia.)

Wakishindwa kabisa kuelewana, mtandao unagawanyika. Tarehe 1 Agosti 2017 waliotaka bloku kubwa walijitenga na Bitcoin Cash yao. Aliyeshika mwenyewe funguo zake (namba za siri za kutumia sarafu) alijikuta ana sarafu pande zote mbili, bila kumtumia mtu chochote. Ethereum nayo, sarafu nyingine ya mtandaoni, ilipoachana na uchimbaji Septemba 2022, mwenye sarafu hakutakiwa kufanya lolote. Alilala, akaamka, sarafu zipo.

Sasa hii ya "nitumieni niwabadilishie" imetoka wapi kama si mfukoni kwake?

Na nyie mnaomtetea kwamba shemeji "hakusoma masharti", yaleteni hayo masharti hapa tuyasome wote.

Nasikia Jumamosi anahamia Masasi na semina ile ile. Kiingilio elfu tano, soda bure.