Nkambo (bibi) alitoka kijiji gani?

Mjukuu, mtaa wa Kamalondo, Lubumbashi: Nkambo yetu, aliyetulea kwa bukari (ugali) na sombe (kisamvu), ametutoka. Alisema tu: "Tulikuja na treni kutoka Kasai, baba akaingia Union Minière, kampuni ya migodi." Ukimuuliza kijiji, anakutuma sokoni! Nianzie wapi?

Mama wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi: Pole, mwanangu. Alibatizwa? Nenda parokia alikobatizwa au alikofungia ndoa. Kitabu cha ubatizo huandika wazazi. Ila uende na mwaka. Akina Marie ni wengi mno.

Mzee wa Gécamines (kampuni iliyorithi Union Minière): Reli ya kampuni ya BCK ilifika Ilebo, huko Kasai, zamani Port-Francqui, mwaka 1928. Union Minière iliweka faili za wafanyakazi, uliza ya babake. Lakini kwanza uliza wenzake Nkambo wa likelemba (upatu). Wamama hao wanajua yote.

Mjukuu: Asante, baba. Mmoja yuko mtaa wa Katuba, naenda Jumapili.