Hita ya wati ngapi kwa tangi la sentimita 150 hapa Nairobi?

MfugajiLangata
Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu tangi la samaki nililoliweka sebuleni, katika nyumba ya orofa ya chini hapa Lang'ata. Urefu wake ni sentimita 150, upana 60 na kimo 60, na ninakusudia kufuga humo mbuna wa Ziwa Malawi, ambao ningependa wakae katika maji ya nyuzi 25 za Selsiasi. Muuzaji wa kwanza alinishauri nihesabu wati moja kwa kila lita, yaani zaidi ya wati 500 katika hita moja, ilhali wa pili alishikilia kwamba wati 300 zinatosha kwa kuwa Nairobi si Ulaya. Sebule yetu haipigwi na jua, na alfajiri za Julai kipimajoto cha ukutani hushuka hadi nyuzi 16. Ni hesabu gani inayofaa kufuatwa kabla sijatoa pesa?

MajiMatulivu
Karibu sana, ndugu. Wauzaji wote wawili wamekupa jibu bila kukuuliza jambo la msingi, nalo ni kwamba tangi lako linapoteza joto kwa kasi gani.

Vipimo vyako vinatoa lita 540, lakini ukiondoa changarawe, mawe ambayo mbuna huyategemea kwa maficho, na nafasi inayoachwa juu, utabaki na maji lita 450 hivi. Kanuni ya wati moja kwa lita huyafaa zaidi matangi madogo, kwa sababu tangi likikua, maji huongezeka kwa kasi kuliko eneo la vioo na uso wa maji ambako joto hupotelea. Maji yakishapata joto, kazi inayobaki kwa hita ni kurudisha kile kinachopotea, na kinachopotea hutegemea tofauti kati ya maji na chumba.

Kipimo chake unaweza kukifanya mwenyewe kabla ya kuweka samaki. Azima hita yoyote, pasha maji hadi nyuzi 25, izime, acha chujio liendelee kuzungusha maji, kisha uangalie ni saa ngapi zitapita hadi yafike nyuzi 24. Kila lita ya maji ikishuka nyuzi moja hutoa wati-saa 1.16, kwa hiyo lita zako 450 zitakuwa zimetoa takriban wati-saa 523. Gawanya 523 kwa saa ulizohesabu, upate wati zinazopotea. Kisha gawanya tena kwa tofauti ya wastani kati ya maji na chumba, upate wati kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Alfajiri yako mbaya kabisa ina tofauti ya nyuzi 9. Zidisha kwa 9, ongeza kama thuluthi moja ya akiba, na hapo ndipo ukubwa wa hita unapojulikana.

FundiSouthB
Nakubaliana na hesabu hiyo, ila ningemsihi mwenzetu asinunue hita moja kubwa, bali agawanye wati hizo katika hita mbili ndogo, hata kama jumla ya wati ni sahihi. Thamostati za hita nyingi huwasha na kuzima kwa vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, na baada ya muda cheche huweza kuviunganisha visiachane tena. Hapo hita huwaka usiku na mchana. Tuchukue tangi linalopoteza wati 24 kwa kila nyuzi: hita ya wati 300 iliyokwama itayasukuma maji karibu nyuzi 12 juu ya joto la chumba, na mwezi wa Februari, sebule ikiwa na nyuzi 25, maji yataelekea nyuzi 37, joto ambalo mbuna hawalistahimili. Ya wati 150 ikikwama itayafikisha 31 hivi, hali ya hatari bado, lakini inayokupa muda wa kuigundua. Nayo moja ikifa kabisa katika baridi ya Julai, mwenzake atayashikilia maji kwenye nyuzi 22, na samaki watavumilia hadi upate nyingine.

Ziweke kwenye ncha mbili za tangi, moja karibu na mahali maji ya chujio yanaporudi, nazo zilale chini ili zisibaki hewani maji yakipungua. Chomoa plagi zote mbili kabla ya kubadilisha maji na usubiri kioo cha kila hita kipoe, kwa maana kioo cha moto kikiguswa na maji baridi hupasuka.

MfugajiLangata
Nawashukuru nyote wawili. Je, hita kubwa haitamaliza tokeni za stima haraka zaidi? Na stima ikipotea usiku kucha, samaki watakuwa katika hali gani?

MajiMatulivu
Joto linalopotea ni lile lile, kwa hiyo hita kubwa huwaka muda mfupi na ndogo muda mrefu, na tokeni zinazotumika hukaribiana sana. Kinachopunguza matumizi ni kifuniko cha kioo, kwa sababu uvukizi hubeba joto jingi, pamoja na lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni mpya, likibandikwa nyuma ya tangi. Stima ikipotea, maji mengi kama yako hupoa polepole. Hofu yangu kubwa zaidi ni samaki kukosa hewa chujio likisimama, hivyo nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya kitu kingine chochote.

MfugajiLangata
Nimepima sebule ikiwa na nyuzi 20. Tangi likiwa wazi, maji yalishuka nyuzi moja kwa saa 3, yaani wati 39 kwa kila nyuzi, ambazo kwa alfajiri ya Julai zingefika 350. Nilipolifunika kwa vioo, ilichukua saa 5, nayo hesabu ikashuka hadi wati 23 kwa nyuzi, sawa na wati 210 kwenye baridi kali. Kwa hiyo vioo vitabaki juu, nami nitanunua hita mbili za wati 150 pamoja na pampu ya betri.